Maziwa ya Masika Yafike Kiangazi
(Mazungumzo na wafugaji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa)



Mvua zinaelekea ukingoni. Majani bado yapo, ng'ombe wamezaa, na kila asubuhi ndoo zinajaa. Ifikapo Septemba, ng'ombe hao hao watatoa kikombe, na mtoto wako atakunywa chai ya rangi. Leo nataka tuzungumzie jinsi ya kuyafikisha maziwa ya sasa mpaka huko.

Tuanze na mtindi. Wengi wenu mnayaacha maziwa mabichi kwenye kibuyu yagande yenyewe. Yanaganda, lakini ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa, na uchachu hautoshi kuua vijidudu hivyo. Mtu anapata homa zisizokwisha na maumivu ya viungo, anatibiwa malaria mwaka mzima. Kwa hiyo chemsha kwanza, mpaka maziwa yapande. Yaache yapoe yawe vuguvugu, ndipo utie vijiko viwili vya chakula vya mtindi mzuri wa jana kwa kila lita. Koroga kidogo, funika, usiyatikise tena.

Hapa watu wa mlimani na watu wa ziwani hawafanani. Kule Liuli, Lituhi na Mbamba Bay kuna joto, na maziwa ya jioni mara nyingi huwa yameganda asubuhi. Huku Mbinga, mwezi Juni na Julai, baridi ile ile inayowafanya akina mama wafume masweta huwalaza pia wadudu wa mtindi. Maziwa yanaweza kukaa siku nzima na zaidi bila kushika. Usiyatupe. Weka sufuria ndani ya kapu lenye majani makavu, lifunike kwa blanketi, na ulisogeze karibu na jiko. Mtindi nao una baridi yake!

Sasa kuna jambo moja nawaomba mlisikilize vizuri. Zamani kidogo niliitwa kwenye boma moja. Mama mwenye nyumba alikuwa na mitungi mitatu ya maziwa yaliyokataa kuganda, siku ya tatu hiyo. Alichemsha vizuri, mbegu yake nzuri, chombo safi. Maneno yalikuwa yameshaanza: mke mwenza ana mkono mbaya, amepita karibu na kibuyu. Wanawake wale wawili walikuwa hawasalimiani, na mzee alikuwa anafikiria kumrudisha mdogo kwao. Nikauliza: kuna ng'ombe aliyechomwa sindano? Kimya. Kisha kijana wa kati akasema ndiyo, ng'ombe wawili walikuwa na homa, akawachoma oksitetrasaiklini, na hakumwambia mtu. Dawa ile huzuia vijidudu visikue, na mtindi unatengenezwa na vijidudu. Ilipita kwenye maziwa ikaizuia mbegu isifanye kazi. Mke mdogo alilia sana siku ile, na mimi sikujua nimwambie nini.

Basi, ukiona maziwa hayagandi, uliza kwanza habari ya sindano. Maziwa yenye dawa hayafai mtindi, hayafai kuuzwa, wala mtoto asipewe, na kuyachemsha hakuiondoi dawa. Soma kwenye kibandiko cha chupa siku za kusubiri, uzihesabu kuanzia sindano ya mwisho. Anayechoma sindano amwambie anayekamua, siku hiyo hiyo. Mfunge ng'ombe kitambaa mguuni ili hata mgeni ajue.

Mtindi ni wa siku chache tu. Kitakachofika Septemba ni samli. Sukasuka mtindi alfajiri, kukiwa bado baridi, siagi ijitenge. Ioshe kwa maji safi mpaka maji yatoke maangavu, kisha uipike kwa moto mdogo. Itatoa povu na kuchemka kwa kelele. Kelele ikinyamaza na masimbi chini yakawa ya kahawia, maji yamekwisha. Ipua, chuja, weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Inayooza samli ni maji, kwa hiyo usichote kwa kijiko chenye unyevu. Maziwa lita 20 ya ng'ombe wetu wa asili hutoa samli pungufu kidogo ya kilo moja. Maziwa yanayobaki baada ya siagi msiyamwage, wapeni watoto.

(Wazee, fedha ya samli ni ya mama. Tukianza kuihesabu sisi, mwaka unaofuata hakuna samli.)

Samli ikishuka ziwani, usipa hupanda. Ukinunua usipa, chukua waliokaushwa juu ya chanja, si waliotandazwa mchangani. Mkunje mmoja: akivunjika amekauka, akipinda ataota ukungu kabla hujafika nyumbani.

Na nyama. Ng'ombe akivunjika mguu mkamchinja, kateni vipande vyembamba virefu, paka chumvi, anika juu kwenye upepo, funika kwa chandarua nzi wasitage. Lakini ng'ombe aliyekufa mwenyewe, hasa ghafla, na damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, asichunwe, asipasuliwe, asikaushwe. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Chumvi na jua havikiui, wala moto wa chungu si wa kutegemea. Zuieni mbwa, iteni mtaalamu wa mifugo, azikwe kwa kina pale pale alipoangukia. Najua inauma kufukia nyama ya ng'ombe mzima. Waliokula hawakuishia kuumwa tumbo tu, wapo tuliowazika.

Siku ijayo ya kuogesha, akina mama njooni joshoni na vyombo vyenu vya maziwa. Madumu yenye shingo nyembamba yaliyowahi kubeba mafuta ya taa yaleteni pia, niwaonyeshe kilichoganda ndani. Mtindi wa mbegu nitakuja nao, kila mmoja aondoke na kikombe.