Trela la Farasi: Inama Utazame Sakafu

Baadhi ya farasi wanaoshindana katika uwanja wa Ngong, jijini Nairobi, hufika kwa barabara kutoka mashamba ya Bonde la Ufa. Wanunuzi wa trela hutazama rangi na bei. Mimi ningeinama kwanza nitazame sakafu. Farasi mzima ana kilo 500 hivi, na mkojo wake hula kila kitu: ubao huoza kimyakimya chini ya mkeka wa mpira, chuma hushika kutu, alumini huchimbika vitobo. Ubao ni rahisi kubadilisha. Alumini ni nyepesi kwa gari linalovuta, ila matengenezo yake ni ghali. Vyovyote iwavyo, toa mkeka, osha, kausha. Sakafu ikivunjika safarini, miguu ya mnyama hukutana na lami.

Mlango wa nyuma unaoshushwa kuwa daraja humfaa farasi mzee au mwoga, lakini ni mzito, na ukilowa huteleza. Vyumba vya farasi vilivyopangwa mshazari hubeba farasi wengi zaidi, ila mkubwa hubanwa, na aliyetangulia kupanda hatoki mpaka wenzake washushwe. Je, akiugua njiani? Ningedai mlango wa pili, ubavuni.