Vichwa vya Dizeli na Namba Zake

(Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, bwalo la shule, Karatu)



Katibu wa umoja wetu aliponiandikia kuniuliza nitazungumzia nini, nilimjibu kwa mstari mmoja tu: vichwa vya treni vya dizeli. Akanipigia simu kuhakikisha kama hayo ndiyo niliyokusudia kuandika. Simlaumu. Mwaka juzi tulisikia habari za vitunguu vya Mang'ola, mwaka jana habari za watalii, na yote mawili yanaingiza fedha mfukoni. Treni hapa Karatu hata njia yake haipo. Kutoka bwalo hili hadi stesheni ya Arusha ni kilometa zipatazo 140, uteremke ukuta wa Bonde la Ufa, upite Mto wa Mbu na Makuyuni, ndipo ufike. Mpango wa kuipeleka reli kutoka Arusha hadi Musoma umesemwa tangu babu zetu, na bado unasemwa.

Lakini reli isipofika Karatu, mazao ya Karatu yalifika relini. Kahawa ya Oldeani, tangu siku za masetla wa Kijerumani kati ya vita mbili za dunia, ilikwenda kwa malori hadi kiwanda cha kukoboa kule Moshi, na kutoka Moshi ikapanda behewa kwenda bandari ya Tanga. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na Arusha 1929. Hesabuni wenyewe: miaka 36 kutoka baharini hadi Arusha. Mimi niliifahamu kwa sababu ya kazi. Baada ya kumaliza masomo hapa niliajiriwa ukarani, kazi ya hati za mizigo, na karani wa mizigo hushinda stesheni akingoja. Mtu anayengoja ama hulala, ama hucheza bao, ama hutazama kilicho mbele yake. Kilichokuwa mbele yangu ni vichwa vya treni.

Sasa niwaeleze mchezo wenyewe, maana wengine wenu mnadhani ni utani. Ziko nchi ambako watu wazima, wenye kazi na familia zao, husimama mwisho wa jukwaa la stesheni na daftari mkononi wakiandika namba ya kila kichwa kinachopita. Uingereza jambo hili lilienea hasa baada ya mwaka 1942, pale karani mmoja kijana wa shirika la reli la kusini, jina lake Ian Allan, alipochapa kijitabu chenye orodha ya namba za vichwa vyote vya shirika lake. Kijitabu kiliuzwa kama njugu. Vijana wakawa wanaweka alama kwenye kila namba waliyoiona kwa macho. Wengine wakaongeza kamera. Basi, mchezo ni huo: kuona, kuandika, kupiga picha. Hakuna kombe.

Nije nyumbani. Miongoni mwenu hapa, wangapi wanaujua mlima Oldeani? Naona mikono yote. Loolmalasin, ule mrefu kuliko yote katika nyanda za Ngorongoro? Mikono bado mingi. Na Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamasai? Vema. Je, mnajua kwamba milima hiyo mitatu iliwahi kukimbia kwenye reli?

Mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, mjini Manchester, vichwa 34 vya mvuke vya aina ya 59. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250. Katika reli za upana wa meta moja hapakuwa na kichwa cha mvuke duniani chenye nguvu kuvishinda. Vilitembea Kenya, hasa kati ya Mombasa na Nairobi, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, likapigwa kwenye kibao ubavuni. Namba 5908 kiliitwa Loolmalasin. Namba 5912 kiliitwa Oldeani. Namba 5919 kiliitwa Lengai. Mlima tunaouona kutoka uwanja wa mpira wa shule hii ulikuwa ukipandisha mizigo kutoka baharini, mahali ambapo wazee wetu wengi hawakupata kufika.

Hadi kufikia mwaka 1980 vyote vilikuwa vimeondolewa kazini. Viwili tu vimehifadhiwa, navyo vipo katika Jumba la Makumbusho ya Reli Nairobi: 5930, Shengena wa kule Upare, na 5918, Gelai, mlima ulio kule kwenye Ziwa Natron. Oldeani, Loolmalasin na Lengai vilikatwakatwa vikawa chuma chakavu. Lakini majina yao yanajulikana, na picha zao zipo kwa wingi, kwa sababu watu walikuja kutoka Ulaya na kamera zao kuviaga. Mvuke una wapenzi. Unatoa moshi mweupe, unapiga mluzi, na kila mtoto akichora treni huchora ya mvuke hata kama hajaiona maishani mwake.

Dizeli haikupata bahati hiyo. Ilipokuja kuchukua kazi haikupewa jina la mlima wala la kabila. Ilipewa namba, basi. Hapa nchini, baada ya Jumuiya kuvunjika na Shirika la Reli Tanzania kuundwa mwaka 1977, mizigo mikubwa ilivutwa na vichwa vya aina ya 88, vilivyoundwa Montreal, Canada, na vya aina ya 73, vilivyotoka Varanasi, India. Hivi vya India nimevipenda zaidi, na nitasema kwa nini. Kiwanda cha Varanasi kilikuwa kikiunda vichwa kwa ajili ya reli za India. Mwaka 1976 kiliuza kichwa chake cha kwanza nje ya nchi, na nchi iliyonunua ilikuwa Tanzania. Mhindi anayeijua historia ya reli ya kwao analijua jambo hili. Sisi tulio na vichwa hivyo tunapishana navyo bila kugeuza shingo.

Vijana wa fizikia nisikilizeni kidogo. Injini ya dizeli ndani ya kichwa kama cha 88 au 73 haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, na umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo kichwa cha dizeli ni kituo cha umeme kinachotembea. Aina zote mbili nilizotaja zina injini za ukoo mmoja, Alco 251 ya Kimarekani. Ila ya Montreal ina silinda 12 na ya Varanasi ina 6, na ukisikiliza kwa makini utazitofautisha gizani. Dereva akiongeza nguvu wakati wa kuondoka, mafuta huingia kwa wingi kabla kile kipuliza hewa, ambacho mafundi hukiita tabo, hakijashika kasi. Mafuta yanazidi hewa, na linatoka wingu jeusi la moshi juu ya paa. Abiria hukunja uso na kufunga dirisha. Mpiga picha huo ndio wakati wake.

Nataka muelewe jambo moja lililo chini ya maneno haya yote. Kitu kinapokuwa kipya hupigwa picha, na kinapobakia kimoja duniani hupigwa picha. Katikati ya hapo, miaka 30 au 40 kinapofanya kazi kila siku na kila mtu amekizoea, hakuna anayekitazama. Ndipo ushahidi wa kazi ya watu unapopotea. Huko Uingereza wapenda treni waliichukia dizeli kwa sababu iliua mvuke, ambao uliondolewa kwenye reli zao za kawaida Agosti 1968. Walipoamka, dizeli zenyewe zilikuwa zinakwenda kwa wauza chuma. Viliundwa vichwa 22 vya aina waliyoiita Deltic. Vilipostaafu Januari 1982 maelfu walijipanga kandokando ya reli, wengine wakilia, na sita vimehifadhiwa. Sisi tumehifadhi nini?

Maana zamu yetu imefika. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria katika reli mpya, Juni hadi Morogoro na Julai hadi Dodoma. Nimeipanda. Ni nzuri, haina moshi, na sitawadanganya kwamba naisikitikia ile njia ya zamani nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Na reli yetu ya kaskazini nayo, ambayo ilikaa bila treni ya abiria kwa miaka mingi hata majani yakafunika mataruma, ilipata tena treni ya abiria hadi Arusha Oktoba 2020. Watu walijaa stesheni na simu zao. Nilizitazama nyingi za picha zile. Zilikuwa picha za viongozi na za mabehewa. Kichwa kilichovuta kilikatwa pembeni, na namba yake haionekani.

Namba ina kazi gani? Nitawapa kisa kimoja. Septemba 1987 nilikuwa Kahe, pale njia ya Tanga na ile ya Voi zinapokutana. Filamu siku hizo ilikuwa adimu kama sabuni. Nilikuwa na picha tatu tu zilizobaki kwenye kamera. Likaja treni la mizigo kutoka Moshi, likasimama kungoja njia. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, nikapiga moja. Jua lilikuwa la utosi, kwa hiyo ndani ya chumba cha dereva kulikuwa na giza tupu. Kilichotoka ni namba ya kichwa, iliyosomeka vizuri, na mkono wa dereva umeegemea dirishani. Nyuma ya picha niliandika kwa penseli namba, Kahe, tarehe, na saa.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikiwaonyesha watu wachache picha zangu, kule Moshi. Mama mmoja mtu mzima, mjane wa dereva wa treni, aliomba kuziangalia zote, moja moja, na kuzigeuza. Marehemu mumewe alikuwa na tabia ya kuandika safari zake kwenye daftari la shule: tarehe, kichwa, kutoka wapi hadi wapi. Siku iliyofuata mama alirudi na daftari limefungwa kwa khanga. Tarehe ilikuwa ileile. Kichwa kilikuwa kilekile. Mtu huyu alikuwa ameendesha treni karibu umri wake wote wa kazi, na nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja inayomwonyesha kazini. Picha zilizokuwepo ni za harusi na za kitambulisho. Mkono ule dirishani ndio picha pekee. Niliwachapia nakala, na watoto wake wakaiwekea fremu. Nisingeandika namba na tarehe, ungebaki kuwa mkono wa mtu asiyejulikana.

Basi, kwa vijana wanaotaka kujaribu. Kamera mnazo zote, zipo kwenye simu za wazazi wenu, na filamu haiishi. Kabla ya yote ombeni ruhusa. Stesheni, madaraja na karakana si mahali pa kupiga picha kwa kificho, na mkuu wa stesheni akiombwa kwa heshima mara nyingi hukubali na kukupa na historia juu yake. Msikanyage njia; treni la dizeli likiwa linateremka bila kuongeza nguvu huja kimya kuliko mnavyodhani. Simameni upande wa jua, asubuhi kabla ya saa tatu au alasiri baada ya saa kumi, maana mchana jua letu liko juu ya kichwa na magurudumu yote yatakuwa kivuli. Huko Moshi asubuhi mna faida nyingine: Kibo huwa wazi. Pigeni pembeni kidogo ili uso na ubavu wa kichwa vyote vionekane. Kisha pigeni watu: dereva, fundi mwenye kopo la grisi, mpiga bendera. Na mwombeni kila mmoja jina lake.

Ninyi wazee wenzangu mna kazi rahisi zaidi. Wengi wenu mlisafiri kwa treni kwenda Tanga, Dar es Salaam, Tabora, kwenye vyuo, jeshini na kazini. Mlipiga picha jukwaani na masanduku yenu na suruali zile pana. Fungueni albamu mtazame nyuma ya mabega yenu. Nina hakika kuna kichwa cha treni kimesimama pale, na huenda namba yake inasomeka.

Mwalimu Mkuu amekubali tuanzishe albamu katika maktaba ya shule. Nimemkabidhi mwalimu wa maktaba picha zangu 41, kila moja ina maandishi nyuma. Ileteni yenu, au nakala yake. Na tafadhali mwangalie picha ya kumi na saba: ni Korogwe, Februari 1991, kichwa cha aina ya 73, na vijana wanne wa karakana wamekaa kwenye ngazi zake. Namba ninayo. Majina ninayo matatu. Wa nne, mwenye kofia ya pama, alishuka kabla sijamuuliza, na wenzake walisema ni mtu wa huku kwetu, Karatu. Anayemtambua aandike jina lake nyuma, kwa penseli.