Risiti ya Mabati na Fedha za Kaunti

Mazungumzo ya afisa wa elimu kwa umma, Idara ya Fedha na Mipango ya Kiuchumi, mbele ya wakaazi katika kikao cha wadi kuhusu bajeti.



Nimeombwa nieleze jinsi serikali ya kitaifa inavyokusanya ushuru na inavyojua ni kiasi gani kimeingia. Huenda mtu akauliza: hiki ni kikao cha kaunti, ushuru wa kitaifa unatuhusu nini? Unatuhusu sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha zinazoendesha kaunti nyingi hutoka huko. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo tulitazame daftari hilo, tuone linaanza kuandikwa wapi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya kitaifa peke yake mamlaka ya kutoza ushuru wa mapato, ushuru wa ziada ya thamani tunaouita VAT, ushuru wa forodha, na ushuru wa bidhaa maalum kama vile pombe na sigara. Kaunti inaruhusiwa kutoza kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma zake. Kwa hivyo unayolipa asubuhi langoni mwa soko ni ada ya kaunti. VAT iliyo ndani ya bei ya mabati ni ya serikali ya kitaifa, na anayeikusanya ni Mamlaka ya Ushuru, KRA, iliyoanzishwa mwaka wa 1995.

Tuchukue mabati hayo kama mfano. Umeenda dukani, bei ni Sh11,600. Humo ndani, Sh10,000 ni za mabati na Sh1,600 ni VAT ya asilimia 16. Mwenye duka hatumi Sh1,600 zote. Yeye aliyanunua kwa mwenye jumla kwa Sh8,000, akalipa juu yake VAT ya Sh1,280. Anatoa hizo alizolipa, anabaki na Sh320 za kupeleka KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye jumla naye anafanya hesabu yake vivyo hivyo na kiwanda kilichomuuzia.

Mnaona jinsi watu hawa wanavyochungana? Mwenye duka asipopata ankara ya mwenye jumla, hataweza kutoa zile Sh1,280. Kwa hivyo ataidai tu. Kila mnunuzi wa biashara ni shahidi wa aliyemuuzia. Lakini mnyororo huu una pete moja ya mwisho isiyo na faida yoyote ya kudai karatasi. Pete hiyo ni mimi na wewe, tunaonunua kwa matumizi ya nyumbani. Sisi hatumtoi mtu chochote, tunalipa ushuru wote. Ndiyo maana mnyororo hukatikia kwetu.

Niwaambie ukweli, hata mimi nimeukata. Nilipokuwa nikiezeka nyumba yangu, muuzaji mmoja aliniuliza, “Ndugu, unataka risiti au unataka bei nzuri?” Nikacheka, nikasema bei nzuri. Akanipunguzia Sh500. Niliondoka nikijiona mjanja. Mvua ya kwanza iliponyesha, mabati matatu yakavuja. Niliporudi dukani niliulizwa, “Una risiti?” Sikuwa nayo. Na nilipokaa kupiga hesabu, niligundua kwamba kwenye kila Sh1,600 za ushuru, mimi nilipata mia tano na yeye akabaki na iliyosalia. Zahanati yetu haikupata hata senti.

Zamani ilikuwa vigumu kumfuatilia muuzaji kama huyo. Siku hizi kuna mfumo wa eTIMS, ulioanza mwaka wa 2023. Mfanyabiashara anapotoa risiti kwa mfumo huu, habari za mauzo hufika KRA wakati huo huo. Risiti yenyewe huwa na kile kisanduku cha vidoadoa vyeusi. Ukikipiga picha kwa simu, utaona kama mauzo yako yameandikishwa kweli. Mwenye biashara ndogo hahitaji kompyuta, anaweza hata kutumia simu ya kawaida kwa kupiga *222#.

Sasa tuifuate pesa. Mlipaji hupewa namba ya malipo, naye hulipa kwa benki au kwa simu. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha nani amelipa, kiasi gani, na kwa ushuru upi. Kutoka hapo fedha huingia katika mfuko mkuu wa Serikali ulioundwa na Kifungu cha 206 cha Katiba. Hakuna anayeweza kuchota humo kabla ya Msimamizi wa Bajeti kuidhinisha. Mwaka unapoisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ana miezi sita ya kukagua na kutoa ripoti.

Hapa ndipo risiti yako inapokutana na kaunti. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote kwa pamoja zipewe kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa. Lakini asilimia hiyo haipigwi kwa makadirio ya waziri. Inapigwa kwa hesabu za karibuni zaidi ambazo zimekaguliwa na kupitishwa na Bunge la Kitaifa. Shilingi isiyoandikwa haikaguliwi, na isiyokaguliwa haiingii katika hesabu ya mgao.

Kwa miaka ya karibuni kaunti zimepewa zaidi ya kiwango hicho cha chini. Hata hivyo, mapato yakipungua, mgao nao hutikisika. Katika mwaka wa fedha wa 2024/2025, kaunti zilikuwa zimetengewa Sh400.1 bilioni. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa, kiasi hicho kilipunguzwa hadi Sh387.4 bilioni. Tofauti ni Sh12.7 bilioni. Ingegawanywa sawasawa kwa kaunti 47, kila moja ingekuwa imepoteza takriban Sh270 milioni. Mnajua wenyewe dawa na barabara ngapi zimo humo.

Najua kuna swali linalowawasha. Mama mmoja aliniambia nje kabla hatujaanza: “Mwanangu, nidai risiti ili pesa ziende zikaibiwe?” Mama, swali lako ni la haki na sitalikwepa. Fedha za umma zimewahi kufujwa, na ripoti za Mkaguzi Mkuu zenyewe zinasema hivyo. Lakini fikiria: ripoti hizo ziliwezaje kuandikwa? Ni kwa sababu pesa hizo zilikuwa zimeandikwa mahali. Ile Sh1,100 iliyobaki kwa muuzaji wangu hakuna mkaguzi atakayeiulizia kamwe. Ukilipa na kuandikisha, unapata haki ya kuuliza. Na Kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha, kwa hivyo mkituuliza sisi maafisa, hamtuombi hisani.

Basi naomba mambo matatu. Kwanza, dai risiti hata kama umenunua kitu kidogo, na usikubali ile bei nzuri iliyonichezea mimi. Pili, mwenye biashara, toa risiti bila kungoja kuombwa, na usichanganye pesa za ushuru na faida yako, kwa maana hizo umezishika tu kwa niaba ya wengine. Tatu, tunapoita vikao kama hiki, njooni na maswali. Ulizeni kaunti imepokea kiasi gani, lini, na imekitumia kwa kazi gani. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu ni za umma. Zisomeni, na mkikwama, njooni ofisini tuzisome pamoja.

Daftari ni letu sote. Mwananchi huanza kuliandika dukani, nasi tunapaswa kulifungua mbele yake hapa.

 Sasa nani ana swali la kwanza?