Kesi ya Nyani, Hakimu Ngedere



Wazee wetu walituachia usemi: kesi ya nyani, hakimu ngedere. Hawakusema kwamba ngedere ni mla rushwa. Walisema tu kwamba wawili hao ni ndugu, na hilo peke yake latosha kumtia shaka mwenye shamba aliyeliwa mahindi yake.

Wanasheria nao wanalijua jambo hilo. Huko Uingereza, katika miaka ya 1920, mwendesha pikipiki mmoja alitiwa hatiani na mahakimu wa Sussex kwa kuendesha kwa hatari. Mahakimu walipoingia faragha kushauriana, karani aliingia nao. Kumbe karani huyo alitoka katika ofisi ya mawakili waliokuwa wakimdai fidia mshtakiwa yule yule, kwa ajali ile ile! Mahakimu waliapa kwamba karani hakutia neno. Mahakama Kuu iliwaamini, na bado hukumu ikafutwa. Jaji Mkuu, Lord Hewart, alieleza kwamba haitoshi haki itendeke. Ni lazima ionekane dhahiri kuwa imetendeka.

Zaidi ya miaka sabini baadaye, kanuni hiyo iliikuta mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa Baraza la Malodi. Jenerali Augusto Pinochet, aliyeitawala Chile kwa mkono wa chuma, alikamatwa London Oktoba 1998 kwa ombi la jaji wa Hispania. Mwezi uliofuata majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba hana kinga. Mmoja wa wale watatu, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi wa shirika la hisani la Amnesty International, na Amnesty yenyewe ilikuwa imeingia katika kesi hiyo. Hakuwa amelitamka hilo. Tarehe 17 Desemba uamuzi ukatenguliwa, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba jaji huyo alipendelea. Majaji saba wengine wakasikiliza upya, na Machi 1999 sita kati yao wakasema tena kwamba Pinochet anaweza kupelekwa Hispania, japo kwa mashtaka machache zaidi.

Wako watakaouliza: kwa nini kumhurumia mtu kama yule? Ndugu zangu, hiyo si huruma. Kanuni inayomlinda mtu anayechukiwa na wengi ndiyo hiyo hiyo itakayomlinda kijana wa mtaani kwako atakaposingiziwa wizi.

Mahakama za Tanzania na Kenya zilirithi sheria ya Kiingereza, na kanuni hii zinaifuata. Ni kweli wapo washtakiwa wanaomkataa hakimu kwa sababu tu amewanyima dhamana. Hiyo si sababu, na hakimu anayejitoa ovyo anaikimbia kazi yake. Lakini mshtakiwa aliyeletwa kizimbani kutoka mahabusu, tena hana wakili, atajuaje kwamba mlalamikaji ni shemeji wa hakimu? Anayejua ni hakimu mwenyewe. Kwa hiyo wajibu wa kusema ni wake, na aseme mapema, kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Akinyamaza, hata hukumu iliyo sahihi itatiliwa shaka, na pengine kesi nzima itaanza upya huku mtu akiendelea kuozea rumande.