Jina Linalosafiri: Maandishi ya Magari na Kumbukumbu ya Marehemu katika Kiswahili

Utangulizi

Majina ya kanga yameandikiwa mengi na wataalamu wa Kiswahili. Imekubalika kwamba kanga ina pindo, mji na jina, na kwamba jina hilo ni usemi kamili: hununuliwa, huvaliwa, na humfikia mlengwa bila mvaaji kufungua kinywa. Gari la abiria nalo lina jina. Kwenye kioo cha mbele, ubavuni, na hasa nyuma, mahali ambapo dereva anayefuata hana budi kusoma, mwenye gari huandikisha maneno aliyoyachagua mwenyewe. Hata hivyo, maneno hayo aghalabu huhesabiwa kuwa mzaha wa vijana wa vituoni. Mhadhara huu unadai kwamba maandishi ya magari ni utanzu wenye kanuni zake za kisarufi na kipragmatiki, na kwamba kanuni hizo hudhihirika zaidi katika aina moja isiyotazamwa sana, yaani maandishi ya kumkumbuka marehemu.

Chombo na jina lake

Desturi ya kukipa chombo cha safari uso na jina ilitangulia injini. Mtepe, chombo cha pwani kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulichorwa macho kwenye omo. Majahazi nayo hupewa majina. Magari ya abiria yameendeleza desturi iyo hiyo mijini. Hata majina yake ya jumla yametoka vinywani mwa abiria. Matatu ya Kenya inahusishwa na nauli ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Daladala ya Dar es Salaam inatokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, iliyokuwa nauli pale magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria katika miaka ya 1980. Juu ya jina hilo la jumla, kila mwenye gari huongeza lake la pekee. Mjini Nairobi wachoraji hujaza ubavu mzima wa matatu kwa sura za wanamuziki na wanasoka. Mjini Dar es Salaam, ambako daladala zilipangiwa michirizi ya rangi ya kuonyesha njia, upekee wa gari hubebwa zaidi na maneno.

Mlengwa asiyetajwa

Maneno hayo ni ya namna nyingi: shukrani (Asante Mama), tawakali (Mungu Mkubwa), methali (Subira Yavuta Heri) na vijembe (Hasidi Hana Sababu, Mtasema Mtachoka). Katika mfano wa mwisho, kiambishi m- cha nafsi ya pili wingi hakina nomino ya kukifafanua. Ni nani watakaosema na kuchoka? Huenda ni majirani, huenda ni ndugu, huenda ni wenye magari mengine. Mwenye gari hana haja ya kujibu swali hilo, na akiulizwa anaweza kukana. Anayelalamika kwamba amesemwa hujifichua mwenyewe. Huu ndio ufundi wa fumbo unaojulikana katika kanga: mlengwa yupo, anasoma, lakini hatajwi.

Mlengwa asiyesoma

Maandishi ya kumbukumbu huugeuza mpangilio huo. Nyuma ya gari huwekwa picha, jina, miaka miwili iliyotenganishwa kwa kistari, na sentensi moja fupi: Tutakukumbuka Daima, Pumzika kwa Amani, au methali kama Wema Hauozi. Pengine herufi R.I.P. hutangulia, nazo huandikwa hata na wasiojua Kiingereza, kama alama ya msiba zaidi kuliko kifupi cha maneno. Katika Tutakukumbuka, kiambishi -ku- humsemesha marehemu ana kwa ana, kama mtu aliyepo. Kwa hiyo, wa kijembe anasoma lakini hatajwi. Marehemu anatajwa lakini hasomi. Aina zote mbili humhitaji mtu wa tatu, naye ni msomaji wa njiani. Kijembe humfanya msomaji huyo shahidi wa ugomvi asioujua. Kumbukumbu humfanya mwombolezaji wa mtu asiyemjua.

Msamiati wenyewe unaunga mkono hoja hii. Neno marehemu, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya aliyerehemiwa. Kulitamka ni kukaribia kuomba dua. Neno hayati, linalotumiwa kwa watu wenye hadhi, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhai. Kaburi humsubiri mwenye kulizuru. Gari huwaendea watu sokoni na kituoni, na kila anayesoma na kusema moyoni “Mungu amrehemu” huikamilisha sentensi iliyoachwa wazi na mwandikaji.

Kiambishi tu- nacho kina uzito wake. Anayeandika Tutakukumbuka husema kwa niaba ya jamaa nzima. Pale gari linapokuwa sehemu ya urithi, maneno hayo hutangaza pia nani ameshika usukani wa nyumba, na aliyeachwa nje ya tu- hiyo hulijua hilo mapema kuliko mpita njia. Sarafa ya maneno machache huweza kubeba huzuni na dai kwa pamoja.

Rangi inapokwanguliwa

Utanzu huu hufutika upesi. Nchini Kenya, katika safari za mazishi, bango lenye picha ya marehemu hufungwa mbele ya basi na huondolewa safari ikiisha. Michoro ya kudumu nayo haidumu. Kanuni zilizoanza kutekelezwa nchini humo mwaka 2004 zilizitaka matatu ziwe na mstari wa manjano, na michoro mingi ikafutwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea hadharani vijana wanaochora matatu, na michoro ikashamiri tena. Hata sheria ikinyamaza, gari huuzwa, na mnunuzi huanza kwa kukwangua jina asilolijua.

Hitimisho

Kanga za kale zimehifadhiwa katika makumbusho. Gari halikunjiki likawekwa kabatini. Vitabu vya Mbugua wa Mungai (2013) na Kenda Mutongi (2017) vimeichambua matatu kwa upana, vyote kwa Kiingereza. Uchambuzi wa sarufi ya maandishi haya unafaa ufanywe pia katika lugha yaliyoandikwa. Mwanafunzi anayekusanya data anapaswa kunakili maneno yote kwa tahajia yake, aonyeshe yalipo kwenye gari, tarehe na njia inayopitwa, kisha amwulize mwenye gari maana yake, kwa kuwa bila maelezo hayo tu- na m- hubaki bila wenyewe. Kwa maandishi ya msiba, ridhaa ya jamaa itangulie kamera, na namba ya gari isiandikwe. Jina la marehemu limewekwa barabarani ili aombewe na wapitao; kulichukua kuwa data pekee ni kuisoma nusu ya sentensi.