Fundi wa Simu Aliyekula Kiapo

Msikilizaji, muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari kompyuta ilianzia wapi. Atamtaja Charles Babbage, kisha ataruka miaka mia moja hadi Marekani, kwenye mtambo wa ENIAC. Ndivyo alivyofundishwa, na mwalimu wake hana kosa. Leo nina habari za mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwamo katika orodha hiyo. Hakuachwa kwa sababu kazi yake ilikuwa ndogo. Aliapa kunyamaza, na akanyamaza kweli.

Anaitwa Tommy Flowers. Alizaliwa mwaka 1905 huko Poplar, mashariki mwa London, mtoto wa mwashi. Alianza kama mwanagenzi wa ufundi wa mitambo, jioni akienda darasani kusomea uhandisi wa umeme. Baadaye akaajiriwa na Posta, ambayo Uingereza wakati huo ndiyo iliyokuwa ikiendesha simu pia. Kazi yake katika kituo cha utafiti cha Dollis Hill ilikuwa mitambo ya kuunganisha simu: wewe unazungusha namba, mtambo unatafuta njia, kengele inalia upande wa pili.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, makamanda wa Hitler walikuwa wakipelekeana amri kwa mtambo wa kuficha maandishi ulioitwa Lorenz. Wengi wetu tumesikia habari za Enigma, mtambo mwingine wa siri wa Wajerumani. Lorenz ulikuwa mgumu zaidi, ukiwa na magurudumu 12, na ulibeba maneno ya wakubwa wenyewe. Agosti 1941, opereta mmoja wa Kijerumani alitakiwa kurudia ujumbe wa herufi kama 4,000. Akaurudia bila kubadilisha mpangilio wa magurudumu, tena kwa uvivu akafupisha maneno hapa na pale. Basi, hilo lilitosha. Huko Bletchley Park, makao ya wavunja siri wa Uingereza, John Tiltman akaufumbua ujumbe ule. Kisha kijana mmoja mwanahisabati, Bill Tutte, akakaa na karatasi na penseli mpaka akaeleza mtambo ulivyoundwa ndani, hali hajawahi kuutia machoni. Kwangu mimi, katika vita vile vyote sijui kazi ya akili iliyoipita hiyo.

Na wewe unayenisikiliza kutoka Mombasa, Bletchley haikuwa mbali nawe kama unavyodhani. Mwaka 1942 kikosi chake cha Mashariki ya Mbali kilihamia Kilindini, kikapiga kambi katika shule ya Allidina Visram, kikisoma siri za meli za Wajapani.

Turudi kwa Flowers. Kujua mtambo umeundwaje ni jambo moja, kuuwahi ujumbe kabla haujapitwa na wakati ni jambo jingine. Mwanahisabati Max Newman alikuwa na mashine iliyokimbiza tepe mbili za karatasi zenye matundu, sambamba. Tepe zikavutika, zikakatika, zikapishana. Fundi wa simu akaitwa asaidie kurekebisha, naye akasema mashine yenyewe haifai. Utepe mmoja uondolewe, na kazi yake ifanywe kwa umeme, kwa valvu. Wazee wanazikumbuka valvu, zile taa za kioo ndani ya redio za zamani, zilizopaswa kupata moto kwanza ndipo sauti itoke. Flowers alitaka zaidi ya 1,500 ndani ya mtambo mmoja.

Wasomi wakaguna. Nani asiyejua kwamba valvu huungua? Kwa wingi huo, si kila saa kutakuwa na moja iliyokufa? Lakini Flowers alikuwa amezifanyia kazi kwenye mitambo ya simu, akaona kwamba kinachoziua hasa ni kuwashwa na kuzimwa. Ukiziwasha ukaziacha ziwake, zinadumu. Bletchley hawakushawishika. Mkuu wake kule Dollis Hill ndiye aliyempa ruhusa, mafundi wakashika kazi usiku na mchana, na Flowers akatia hata fedha za mfukoni mwake.

Januari 1944 mtambo ukafika Bletchley, ukaitwa Colossus. Ulisoma herufi 5,000 kwa sekunde. Tarehe 1 Juni, siku chache kabla majeshi hayajatua Normandy, toleo la pili lenye valvu 2,400 likaanza kazi. Vita vikiisha kulikuwa na mitambo 10, ikiendeshwa na mabinti wa jeshi la wanamaji, ambao nao walikula kiapo kilekile.

Kisha ikaja amri ya kuficha kila kitu. Mitambo mingi ikafumuliwa. Flowers akaambiwa aiteketeze michoro, akaitia motoni kwa mkono wake. Serikali ikampa pauni 1,000, ambazo hazikufikia hata fedha zake alizozitumia.

Februari 1946, Philadelphia ikautangazia ulimwengu ENIAC, mtambo wa valvu kama 18,000. John Mauchly na Presper Eckert, walioubuni, hawakumwibia mtu, maana hawakujua habari za Colossus. Nami sitadai kwamba Colossus ilikuwa kompyuta ya kazi zote. Iliundwa kwa kazi moja. Lakini mwaka 1973 mahakama ya Marekani iliifuta hataza ya ENIAC, ikasema chimbuko la mawazo yake lilikuwa kwa mtu mwingine, Profesa John Atanasoff wa Iowa. Ubishi wote huo ulisikilizwa huku Colossus ikiwa bado chini ya kufuli. Ni katikati ya miaka ya 1970 ndipo Uingereza ilipoanza kutoa picha zake.

Heshima iliyomkosa Flowers hainiumizi sana. Wapo wengi waliokosa zaidi. Kinachonikera ni hasara ya kazi yenyewe. Aliporudi Posta alitaka simu za Uingereza ziunganishwe kwa mitambo ya elektroniki. Wakubwa wakasita: nani amewahi kuyategemea mavalvu mengi hivyo? Yeye alikuwa amewahi, na mbele ya wenye shaka wale hakuruhusiwa kusema hata neno.

Alifariki mwaka 1998. Miaka mitano kabla ya hapo, akikaribia umri wa miaka 88, alimaliza kozi ya msingi ya kutumia kompyuta katika chuo cha Hendon, London, wakampa cheti.