Mazungumzo: Namna ya Kulifikia Kundi la Wanaoacha Pombe

(Maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa wa Habari mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi)





Jambo nililokuja nalo leo aghalabu hunong'onwa barazani wala halisemwi hadharani, nalo ni ulevi wa pombe. Makusudio yangu si kutoa waadhi wala hukumu. Hayo yana wenyewe. Nakusudia kumweleza yule aliyekwisha kuazimia kuacha, na azma yake ikavunjika kila jioni, namna ya kuwafikia wenziwe walioipita njia hiyo kabla yake.

Inafaa kwanza tufahamu asili ya makundi haya. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walikutana watu wawili: Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, na Robert Smith, daktari wa upasuaji. Wilson alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu naye akihofu kuirudia. Smith alikuwa angali anakunywa. Walitambua kwamba mlevi anapozungumza na mlevi mwenziwe, bila ya khofu ya kulaumiwa, wote wawili hupata nguvu. Hapo ndipo ilipozaliwa jumuiya ya Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina, ambayo leo ina makundi katika nchi zipatazo 180.

Taratibu zake ni nyepesi. Sharti la kuingia ni moja tu: nia ya kuacha pombe. Hapana ada, gharama hulipwa kwa michango ya hiari. Kila mmoja husema kwa zamu yake, na asiye tayari kusema husikiliza. Ipo mikutano ya wazi, ambayo hata jamaa huweza kuhudhuria, na ipo ya faragha kwa wenye tatizo wenyewe. Yanayosemwa humo hubaki humo.

Ndugu Wananchi, katika visiwa vyetu sitara ina thamani kubwa. Anayekunywa humkhofu mkuu wake wa kazi, jirani na wakwe. Basi hunywa kwa siri, na huugua kwa siri vilevile. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni vyema tutenganishe mambo mawili: kumsitiri mgonjwa, na kuuficha ugonjwa. Kundi humsitiri mtu huku likiutoa ugonjwa nje, na hiyo ndiyo faida yake.

Je, hufikiwa vipi?

Kwanza, ulizeni katika Hospitali ya Kidongo Chekundu au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya amefungwa na wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa.

Pili, zipo nyumba za upataji nafuu, maarufu kwa jina la soba hausi, ambazo zilianza kufunguliwa hapa Zanzibar mwaka 2009. Ni kweli kuwa wengi waliopitia humo ni waathirika wa heroini. Hata hivyo, mikutano ya Narcotics Anonymous inayofungamana na nyumba hizo huihesabu pombe kuwa ni kilevi kama vilevi vyengine. Kwa hiyo aliyezidiwa na pombe asijione mgeni.

Tatu, kwa mwenye simu, ipo mikutano inayofanyika kwa njia ya intaneti, ambamo mtu huweza kusikiliza bila ya kuonekana uso.

Kabla ya kwenda, ulizeni mambo manne: siku na saa, mahali, iwapo mkutano ni wa wazi au wa faragha, na iwapo wanawake wana kikao chao. Muulizaji halazimiki kutaja jina.

Aidha, ipo tahadhari ambayo naomba isisahauliwe. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache kwa ghafla akiwa peke yake nyumbani. Katika siku chache za mwanzo huweza kupatwa na tetemeko, kifafa na kuweweseka, na hali hiyo huweza kuua. Amwone daktari kwanza, kisha aende kundini. Kundi halishiki nafasi ya tiba, wala tiba haishiki nafasi ya kundi.

Kwa jamaa, msimburure mtu kwa nguvu wala msimtangaze. Nanyi pia mna mahali penu: tangu mwaka 1951 ipo jumuiya ya Al-Anon, iliyoundwa kwa ajili ya familia za walevi. Kwa wakuu wa idara, mtumishi anapoomba ruhusa ya kwenda kutibiwa, apewe, na sababu yake isigeuzwe kuwa mazungumzo ya ofisi. Neno moja lililovuja huweza kuwafungia mlango wengine kumi waliokuwa wakijiandaa kuja.

Na kwa aliye shamba au kisiwa kidogo, ambako hapana kundi, akumbuke kwamba Akron walikuwa wawili tu. Amtafute mmoja mwenye nia kama yake, wawekeane siku na saa, na wasiikose. Na iwapo mmoja atateleza, asione haya kurudi wiki inayofuata. Kiti chake kinamngoja.